Nyamazeni, Nanyata!

Yakhe, mtu akicheza gemu ya kunyatia, nyinyi mnawashwa na nini?

Nipo banda la gemu hapa Michenzani, nimelipia saa nzima kwa pesa yangu. Nacheza Hitman, gemu ya muuaji wa kukodiwa. Yule mwenye upara na milia ya bei kisogoni, kama pakiti ya biskuti. Tangu mwaka 2000 kazi yake hiyo hiyo: avae nguo za mpishi, apite katikati ya walinzi kama kafuata sufuria, amalize shughuli, aondoke bila mtu kujua. Dakika ishirini nimejibanza nahesabu hatua za mlinzi mmoja. Anakwenda mpaka dirishani, anasimama, anageuka. Utamu wenyewe ndio huo!

Nyuma yangu sasa: "Mpige huyo! Mbona humpigi? Bunduki ya nini?" Ya nini? Pambo! Ningetaka kelele si ningecheza mpira kama nyinyi, mnaofungwa manne mkasingizia padi?

Kuna mmoja, bakuli la urojo mkononi, kaniinamia mpaka mchuzi unanidondokea begani. "Kaka, umelala?" Akabonyeza mwenyewe. Pa! Walinzi dunia nzima, mpishi wangu chini.

Enyi wanyataji wenzangu, mnavumilia vipi? Maana mimi nilianza upya, wallahi, nikafika palepale, mlinzi anageuka, nyayo ya kwanza, ya pili... umeme ukakatika.

Na kizani humo nikasikia sauti ya urojo: "Si nilikwambia upige mapema?"