Kinu kikijengwa Siaya, Mwanza inapaswa kuuliza nini?

Kenya ilikwama Uyombo, Kilifi, ambako wakazi waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu cha nyuklia. Sasa imegeukia Siaya, kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria. Ni rahisi kwetu Mwanza kusema hayo ni ya Wakenya, na kati yetu na Siaya kuna zaidi ya kilomita 200. Lakini Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, Tanzania ina karibu nusu, na maji ya bomba mjini Mwanza yanatoka humohumo.

Wanaokitaka kinu wana hoja nzito. Kikifanya kazi sawasawa, mionzi inayomfikia jirani yake ni kidogo sana kuliko ile tunayoipata sote kila siku kutoka ardhini na angani. Pickering, nchini Kanada, vinu vimekaa kando ya Ziwa Ontario tangu 1971, na jiji la Toronto linakunywa maji ya ziwa hilo. Ni kweli utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2007 ulikuta saratani ya damu imezidi kwa watoto wadogo walioishi ndani ya kilomita 5 za vinu, ila mionzi iliyopimwa ilikuwa ndogo mno kuweza kuwa sababu. Anayesema kila jirani wa kinu ataugua anakwenda mbali kuliko ushahidi.

Mimi hofu yangu iko kwenye samaki. Kinu huvuta maji mengi ya kupozea mitambo, na viumbe wa majini huvutwa nayo. Pickering walilazimika kuweka wavu mkubwa mbele ya mdomo wa kuvutia maji, mwaka 2009, kwa sababu samaki wengi walikuwa wanakufa. Sasa mfikirie dagaa wetu, mdogo kuliko kidole: ni wavu wa macho gani utakaomzuia yeye na usizibwe na magugu maji? Agosti 2025 vinu vya Gravelines, Ufaransa, vilizimika baada ya konyeza wa baharini kuziba vichujio. Wahandisi wa Siaya watujibu hilo wakiwa bado kwenye michoro.

Halafu kuna soko, ambalo halingoji mionzi ipimwe. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili baada ya taarifa kwamba kuna wavuvi wanaotumia sumu. Nchi zote tatu za ziwa hili, Kenya, Uganda na Tanzania, ziliumia. Agosti 2023 Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu kilichoharibika cha Fukushima, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilisema athari yake ni ndogo kiasi cha kupuuzika, lakini China ilipiga marufuku mazao yote ya bahari ya Japani siku ileile. Tetesi moja kutoka Siaya inatosha kuwaacha kina mama wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa mkavu yasiyo na mnunuzi, hata kama kinu hakijavuja tone.

Na kikivuja, nani atatuambia? Kinu cha Chernobyl, katika Umoja wa Kisovieti, kililipuka tarehe 26 Aprili 1986. Ulaya Magharibi ilishtuka siku mbili baadaye, pale viatu vya mfanyakazi wa kinu cha Forsmark, Uswidi, vilipoamsha king'ora cha mionzi. Moscow ilikuwa kimya. Huku kwetu, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022, waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Ushujaa huo ninauheshimu sana, lakini mionzi haiokolewi kwa kasia.

Kwa hiyo sisemi Kenya isijenge. Umeme tunauhitaji, na viwanda vya minofu ya sangara vinajua hasara ya umeme kukatika. Ninachotaka ni Tanzania iingie mezani mapema, kupitia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu, ipate haki iliyoandikwa ya kupewa taarifa saa ileile hitilafu inapotokea. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania tayari hupima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Ianze sasa kupima maji na samaki wa Mwanza, Musoma na Bukoba, miaka kadhaa kabla ya kinu kuwashwa, na matokeo yabandikwe pale mialoni. Bila vipimo vya leo, siku mnunuzi atakapokataa sangara wetu hatutakuwa na karatasi ya kumwonyesha.