Kuku wazee wabaki bandani au waende sokoni?

Jirani yangu hapa Kibaha ana kuku wa mayai 200 waliotimiza miezi 18, na ameshalipia vifaranga 300. Jumapili alinisimamisha njiani: "Kaka, hawa wazee niwauze, au niwaache wawalishe wadogo?"

Alivyoliuliza ndivyo wafugaji wengi tunavyolifikiria. Kuku mzee akiendelea kutaga, hata kwa kusuasua, mayai yake yatanunua chakula cha vifaranga mpaka navyo vianze kutaga. Wazo tamu. Nami niliwahi kuliamini, kwa hiyo siwezi kulicheka.

Tuanze na hesabu, maana wazo lenyewe limesimama juu ya hesabu. Kuku wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku, atage asitage. Hao 200 wanamaliza kilo 24. Tuseme mfuko wa kilo 50 ni shilingi 70,000, yaani 1,400 kwa kilo, na trei la mayai 30 linauzwa 8,400, yaani 280 kwa yai. Chakula cha siku ni 33,600. Gawa kwa 280, unapata mayai 120. Yaani yai la kwanza kukuingizia chochote ni la 121. Yaliyotangulia yote yameishia kwenye pumba.

Wakiwa kwenye kilele, wiki ya 25 hadi 30 hivi, kundi zuri la ukubwa huo hutoa mayai zaidi ya 180 kwa siku, na hapo mfugaji anacheka. Leo jirani anaokota 140, na kila wiki yanapungua. Vifaranga vyake vitachukua wiki 18 hadi 20 kabla ya yai la kwanza. Tukichukulia wastani wa mayai 128 kwa muda huo wote, ziada ni mayai 8 kwa siku, sawa na shilingi 2,240. Kwa siku 126 ni 282,240, kabla hujatoa dawa, maranda na kuku watakaokufa. Sasa tazama upande wa pili: kifaranga mmoja hula zaidi ya kilo 6 mpaka kufikia umri wa kutaga. Vifaranga 300 ni karibu tani mbili, kama mifuko 40. Wazee watachangia minne, tukizidi mitano. Hawalishi wadogo. Wanajilisha wenyewe, na wewe unawahudumia bure.

Akiwauza leo kwa 9,000 mmoja, anashika 1,800,000 kwa mkupuo, na mzigo mkubwa wa chakula cha vifaranga umepata mwenyewe. Atasema: si nitawauza tu baadaye kwa bei ileile? Hoja hiyo ina nguvu, tena ndiyo yenye nguvu kuliko zote upande wa kuwabakiza. Kuku aliyechoka kutaga haozi kama nyanya. Na ikiwa ndani ya miezi hiyo minne kuna Idd au Krismasi, wachuuzi wenye matenga nyuma ya pikipiki watamfuata mlangoni badala ya yeye kuwafuata, na kusubiri kutamlipa kuliko mayai. Kwa hiyo kama ni hesabu tupu, ningemwambia atazame kalenda kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo haliingii kwenye daftari. Mwaka 2021 nilikata kona ya banda langu kwa wavu, wazee huku, vifaranga kule. Nilijiona mjanja. Wazee walikuwa wameugua mafua makali miezi mitano nyuma, wakapona, wakarudi kutaga. Kumbe kuku aliyepona mafua hayo hubaki nayo mwilini, yeye mwenyewe akiwa mzima wa afya. Vifaranga vilianza kuvimba macho, na kwenye lile banda kukanuka harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Nilizika 60 na zaidi. Fedha ya mayai ya wazee haikutosha hata dawa.

Mareki, ugonjwa unaopoozesha kuku, nao husafiri na vumbi la manyoya. Kifaranga huchanjwa siku anayoanguliwa, lakini kinga inahitaji siku kadhaa kujijenga, na wazee wanapukutisha vumbi lao palepale. Kwa kideri, yaani mdondo, angalau tuna chanjo ya matone ya I-2, inayostahimili joto na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ndiyo sababu maofisa mifugo husisitiza kundi liingie pamoja na litoke pamoja, kisha banda lioshwe, lipuliziwe dawa na likae tupu wiki mbili au zaidi. Mwenye banda moja hawezi kufanya hivyo huku wazee wamo ndani. Kwake mimi sisiti: awauze.

Chakula nacho hakipatani. Cha wanaotaga kina kalsiamu karibu asilimia 4, cha kukuzia asilimia 1 hivi. Mtetea wa wiki kumi akila cha wakubwa, figo zake zinaumia. Mzee akila cha wadogo, anataga mayai ya ganda laini, na tayari maganda ya mayai yake ni membamba kwa sababu ya umri. Halafu kuna kudonoana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hapa kamba yenyewe ni midomo ya wenyeji. Ukilazimika kuwachanganya, subiri wadogo wafike wiki 16, waingize usiku, wengi kwa pamoja, na uongeze vyombo vya chakula.

Haya yote ni kwa kuku wa kisasa. Kwa wa kienyeji maneno yanageuka. Kuku mweusi wa mama yangu ana miaka mitano, hutaga mayai kumi na kitu kisha analalia, na siku ya 21 anatoka na vifaranga bila umeme wala mashine. Mwewe akipita juu anatoa mlio mmoja na watoto wote wanaingia chini ya mihogo. Kuku wa namna hiyo huwa humpimi kwa trei, na anayemuuza kwa sababu ya uzee amekosea hesabu.

Ukiwa na banda la pili, mbali kidogo, uamuzi si wa kundi zima tena. Bakiza wachache wanaotaga kweli, uhudumie vifaranga kwanza na wazee mwisho, kwa mabuti mengine. Jirani ana banda la zamani la mbuzi upande wa pili wa shamba, chini ya mwembe. Jana usiku tuliingia na tochi kuchagua 30. Unamwinua kuku, unapima kwa vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga: vikiingia vitatu, anataga, kikigoma hata kimoja na nusu, anakula bure. Kisha unamulika miguu. Rangi ya njano huhamia kwenye kiini cha yai, kwa hiyo mtagaji hodari ana miguu iliyopauka na manyoya yaliyochakaa, kama mama aliyetoka kufua.

Wa kwanza niliyemtia kwenye tenga alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, miguu njano kama embe.

"Huyo hapana, kaka," jirani akanishika mkono. "Huyo ndiye mzuri kuliko wote."

Nikampa apime mwenyewe. Kidole kimoja hakikuingia.