Waandishi, acheni kuhesabu saa za usingizi

Kwa miaka minne nilifanya usafi zamu ya usiku kwenye majengo ya ofisi ya San Francisco, eneo la SoMa, walikojaa vijana wa kampuni changa za teknolojia. Kwenye ghorofa moja mwanzilishi alikuwa analala ofisini. Begi lake la kulalia, la buluu, lilikaa chini ya meza. Nikifika pale nazima mashine ya vumbi, nafagia kwa mkono nisimwamshe. Alikuwa kijana mpole. Akiwa macho ananishikia mlango nipitishe ndoo. Karibu na mashine ya kahawa walikuwa wametundika makala ya gazeti kwenye fremu, inayolisifu begi lile: amejinyima usingizi, amejinyima kuoa, anaishi kwa tambi za pakiti. Niliisoma mara mbili nikitafuta kampuni inamsaidia nani. Sikupata.

Nilimsimulia shangazi kwa simu.

"Huyo kijana hana kwao?"

"Anako, shangazi. Analala ofisini kwa hiari yake."

"Sasa hapo kimeandikwa nini, baba?"

Shangazi anauza viungo Kariakoo tangu sijaanza shule. Saa kumi alfajiri yuko njiani kutoka Tandika. Soko lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, kizimba chake kiliteketea pamoja na magunia mawili ya iliki aliyonunua kwa mkopo wa kikoba. Aliuza cherehani yake, akapeleka marejesho siku ya kikao kama kawaida, akaanza upya na beseni moja la pilipili manga. Sisemi kwamba gazeti lilipaswa kumwandika kwa kuamka alfajiri. Kariakoo nzima inaamka alfajiri, na huku Oakland treni ya kwanza imejaa wapishi, walinzi na wauguzi wanaosinzia wima. Ukianza kuwaandika wanaochoka hutamaliza.

Kinachoniuma ni neno "kujitoa mhanga" ambalo makala kama ile hulitumia. Kampuni ya yule kijana ilifungwa. Hela iliyopotea ilikuwa ya wawekezaji, na hata mwaka haukuisha, akafungua nyingine; ikaandikwa tena kwamba ameanguka na kuinuka. Siku ya mwisho ya ile kampuni ya kwanza, dada wa mapokezi aliniomba maboksi ya kubebea vitu vyake. Marekani watu wengi bima yao ya afya wanaipata kupitia mwajiri, na yeye alikuwa na mtoto mwenye pumu. Alisimama kwenye lifti ameshika boksi, ananiuliza kama najua kliniki ya bei nafuu. Yeye ndiye aliyelipa. Shangazi alilipa kwa cherehani. Mwandishi akitaka kuandika kujitoa, aanze kwa kuuliza: ikishindikana, nani atalala njaa?

Kuna hasara nyingine pia. Mwaka 2014 Elizabeth Holmes wa Theranos, kampuni ya mashine za kupima damu, alitokea kwenye jalada la jarida la Fortune, na jarida la Forbes likakadiria utajiri wake dola bilioni 4.5. Watu walisimuliwa jinsi alivyoacha chuo cha Stanford akiwa na miaka 19, na sweta lake jeusi. Mwaka 2015 John Carreyrou wa gazeti la Wall Street Journal akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: mashine hii inapima damu kweli? Holmes akaja kuhukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Sam Bankman-Fried, mwanzilishi wa soko la sarafu za kidijitali la FTX, naye tulionyeshwa akilala ofisini kwenye mto wa kukalia. Machi 2024 akahukumiwa miaka 25, kwa kuiba fedha za wateja. Wagonjwa na wateja wale ndio walioumia wakati sisi tunasifia uchovu.

Kwetu tulishawahi kufanya vizuri zaidi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, habari ilikuwa kwamba mtu wa Nairobi anamtumia mama yake hela kijijini bila kumpa kondakta bahasha. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walioisukuma, wangapi tunawajua? Hakuna aliyeuliza wanalala wapi, na ile ilistahili kila ukurasa iliyopata. Leo nikifungua habari za nyumbani naona tumeiga fremu ya SoMa: kijana, kompyuta, "alianza na sifuri", saa nne za usingizi. Waanzilishi wetu wanastahili zaidi ya hapo. Wanastahili kuulizwa kazi yao.

Binti wa shangazi ana kampuni changa Dar, inanunua viungo moja kwa moja kwa wakulima. Wiki iliyopita mwandishi alimpigia, na swali la kwanza likawa analala saa ngapi. Akanitumia ujumbe: "Kaka, nijibuje?" Nikamwambia awaombe ruhusa wakulima watatu wa Muheza wanaomuuzia iliki, kisha ampe mwandishi namba zao, na amwambie awaulize bei waliyolipwa msimu huu na siku waliyolipwa.

Jana ameniandikia kwamba mmoja ameshapigiwa.