Kabla hamjamwamini yule, sikilizeni habari ya fenesi

Najua wengi mmeshatumiwa ile sauti ya WhatsApp ambayo rafiki yangu anacheka mpaka anakohoa, akisimulia eti niliingia mbioni na fenesi garini, kisha nikalia. Haya, tulieni niwape yangu. Shingo bado inauma na gari bado linanukia, ushahidi ninao.

Wiki mbili nzima nilikuwa naiandaa Impreza yangu, ile ile stesheni wagoni inayopeleka watoto shule, kwa ajili ya siku ya mbio za sisi wa magari ya nyumbani kule Busiika, Uganda. Nilishuka Kisekka, soko la vipuri Kampala, nikachukua pedi mpya na oili ya breki, DOT 4, maana ya zamani ilishakuwa nyeusi kama chai ya mkandaa, na oili ikishanyonya unyevu inachemka mapema, unakanyaga pedali inazama tu. Jioni mke wangu akakaa kwenye usukani tukatoa hewa: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Majirani wakadhani namfundisha kuendesha. Halafu nikapunguza uzito. Spea tairi, nje. Jeki, nje. Viti vya nyuma, nje. Hata mazulia ya miguuni, yasije yakateleza chini ya pedali. Rafiki yangu alikuwepo, nikamhutubia kuhusu hasara ya kila kilo. Hotuba hiyo kaiigiza yote, na sauti yangu kaipatia.

Jumapili tukapitia Gayaza kwa wakwe. Mimi mtu wa Tanga, lakini ndoa imenifunza: kwa Waganda, mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Tukasalimiana kwa mbali, macho chini, kisha akamtuma mtoto aniletee fenesi. Ukilipakata unadhani umebeba mtoto wa darasa la kwanza. Zawadi ya mkwe unaikataaje?

Uwanjani, kabla ya ukaguzi, nililitoa kwa mikono yangu nikaliweka chini ya mti. Liandikeni hilo. Wakaguzi wakatikisa betri, wakashika nati za magurudumu, wakapekua kama kuna kitu kinachocheza ndani. Nikapita. Mara rasharasha, nami nimeenda kutafuta rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, na huyu mheshimiwa wa WhatsApp akaona zawadi ya mkwe wangu inalowa. Akairudisha garini. Akafunga mlango. Akanyamaza.

Sehemu hiyo mmeisikia kwenye sauti yake? Hamjaisikia.

Mzunguko wa pili. Gia ya tatu, mvua imelaza vumbi, ule udongo mwekundu unashika tairi vizuri. Mbele kona kali. Nikakanyaga breki. Jamani, zile breki zilishika! Nilitabasamu ndani ya helmeti. Tabasamu halijaisha, nikasikia nyuma: gu... gu... gu-gu-gu, kama mtu anashuka ngazi na gunia. Nikatupa jicho kwenye kioo. Kitu cha kijani, kina magamba, kinanijia. Akili yangu yote, na elimu niliyosomeshwa, ikaniambia: mamba.

Mamba akagonga mgongo wa kiti changu, akaruka pembeni, akatua juu ya gia. Tatu ikatoka, nyutro ikaingia. Hapo ndipo likapasuka, na halikupasuka kwa haraka. Niliuona ufa ukifunguka kama zipu. Nyama za njano zikatawanyika kila upande. Moja ikajibanza chini ya pedali ya klachi, palepale nilipoyaogopea mazulia. Nyingine ikaingia kwenye helmeti, kwa sababu kioo chake nilikipandisha nipate hewa. Mguu bado umeng'ang'ania breki, gari likazunguka, likasimama likitazama tulikotoka.

Mshika bendera akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto. Akafungua mlango. Akanusa. Akanusa tena. Akauweka mtungi chini, akawaita wenzake kwa Kiganda, nikaambulia neno moja: "ffene."

Mengine mnayajua. Bendera nyekundu, watu wote wakasimama kwa ajili yangu, nikavutwa kwa kamba. Ule ulimbo hautoki kwa sabuni. Nimemaliza lita 2 za mafuta ya kupikia kwenye usukani na gia. Na si kweli kwamba nililia. Yale yalikuwa maji ya fenesi.

Jana mama mkwe amepiga simu kuuliza kama lilikuwa tamu. Nikamwambia tamu sana, mama. Sikudanganya. Ile ya kwenye helmeti niliimeza.