Bunduki Ndogo, Upepo wa Amarillo

Amarillo, kule juu Texas, upepo ndio mwenye nyumba na sisi wengine ni wapangaji. Shemeji yangu analijua hilo, maana kofia yake ya kwanza aliyonunua huku ilimtoroka mbele ya duka lenyewe. Lakini siku alipokuja na wazo la kununua bunduki ya kulenga shabaha za mbali, upepo haukutajwa na mtu.

"Shem, nimeshaangalia video zote. Tuchukue 6.5 Creedmoor. Hiyo unagonga kitu kilichoko kilomita nzima."

"Risasi moja bei gani?"

Alipoitaja, mama watoto, aliyekuwa jikoni anakaanga maandazi na wala hakualikwa kikaoni, akasema, "Hapana." Kikao kikafungwa.

Tukashukia kaliba ndogo, yaani bunduki za risasi nyembamba. Shemeji akahamia .17 HMR, iliyoingia sokoni 2002: risasi ya gramu moja na kidogo tu, lakini inatoka kwa karibu mita 780 kwa sekunde. Mimi nikang'ang'ania .22 LR. Imezaliwa 1887 na mpaka leo haijamfilisi mtu. Rafiki yetu wa Bukavu tunayefanya naye kazi aliiweka risasi yake kiganjani, akaigeuza, akauliza, "Mukubwa, hii ni ya kuua panya ao ya kumuogopesha tu?"

Aliyetuamua ni mzee wa dukani. Alisema yadi 200 kwa .22 ni shule ileile ya yadi 1,000 kwa bunduki kubwa, ila karo ni nafuu. Kisha akanikataza risasi za kasi. Zile hutoka mtutuni zikiipita sauti, halafu njiani kasi yake hushuka chini ya ile ya sauti, na hapo ndipo zinapoyumba. Za mashindano huanza chini ya sauti tangu mtutuni, mita 325 hivi kwa sekunde, na bei yake iko juu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulipa zaidi ili kitu kiende polepole.

Nikatoa kadi ya kijani, nikajaza fomu 4473, ile ya serikali kwa wanunuzi wa bunduki, nikachunguzwa, nikapewa mzigo wangu.

Uwanjani sahani za chuma zimening'inizwa yadi 200, kila mtu na yake, zimepishana hatua moja. Kushoto kwangu bwana mmoja wa kofia pana (yake haijatoroka, sijui anaifunga na nini). Kulia, bibi wa makamo ya mama mkwe wangu, na chupa ya kahawa. Darubini ya bunduki tulikuwa tumeiseti ilenge sawasawa kwa yadi 50, na kufika 200 risasi inashuka zaidi ya mita moja. Basi nikawa nazungusha kitufe cha darubini, klik, klik, shemeji akihesabu kwa sauti, akipotea, tunaanza upya.

Nikafyatua. Sasa, kwa .22 umbali ule unaweza kukata tamaa risasi ikiwa bado njiani. Inasafiri zaidi ya nusu sekunde, halafu mlio nao urudi nusu nyingine. Nikangoja.

Ting!

Shemeji akaruka na simu yake mkononi. Mimi nikajifanya nimezoea. "JKT hiyo," nikamwambia. Nikakoki, nikapiga tena. Ting! Tena. Ting! Ndani ya darubini sahani yangu ilikuwa imetulia tuli. Nikasema moyoni, Wamarekani hawa wanatumia chuma kizito.

Bibi akanigusa bega. Kikombe mkononi, bunduki yake imelala mezani, tupu.

"Mwanangu, nashukuru sana. Lakini ile unayoipiga ni yangu."

Upepo ulikuwa unatoka kushoto, kilomita kama 30 kwa saa, na risasi ya mwendo ule ilikuwa inasombwa zaidi ya nusu mita. Bibi akanifundisha, bila kucheka, na hilo ndilo lililoniuma: lenga sahani ya kushoto, upepo utaileta risasi kwako. Nikalenga ya yule bwana wa kofia. Nikashusha pumzi. Kidole kinabana, na upepo wa Amarillo, usiojua likizo, ukaamua kupumzika.

Ting!

Bwana wa kofia akaitazama sahani yake. Akaitazama bunduki yake, ambayo alikuwa bado anaijaza. Akanitazama mimi. Bibi akageukia upande mwingine, mabega yakimtetemeka, kahawa ikimwagika.

Nikamwambia shemeji afute ile video. Akasema, "Shem, mbona nimeshaituma?" Kundi la familia lilikuwa linawaka: Tanga hongera, Muscat hongera, mjomba kaandika "KOMANDOO" kwa herufi kubwa. Halafu ikaingia sauti ya mama mkwe, ambaye haachi kitu mpaka akikague:

"Hongera baba, nimekuona. Cha kulia nimekisikia kinalia, cha kushoto nacho kinalia. Sasa hicho cha katikati kimeharibika?"