Nje Ukili, Ndani Nailoni

Ukipita maduka ya Mji Mkongwe utaviona vijamanda, yaani vikapu vidogo vyenye kifuniko, vya ukili (majani yaliyosukwa), vimepangwa mlangoni, vimesukwa kwa miyaa iliyotiwa rangi, na ndani yake mna viungo: karafuu, mdalasini, iliki, manjano, pilipili manga. Mgeni hukinunua kijamanda akiamini amepata zawadi isiyoacha takataka. Akifika kwao akakifungua, hukuta kila kiungo kimo katika kifuko chake cha nailoni, kimezibwa kwa moto. Nje ukili, ndani nailoni.

Mbele ya kijamanda hicho, wajasiriamali tunaotengeneza vitu kwa mikono tunagawanyika. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu na plastiki iondoke yote. Wapo wanaosema aliyeweka kile kifuko anaijua kazi yake kuliko wanaomlaumu. Mimi natengeneza sabuni za mwani na kusaga viungo nyumbani, na nimewahi kusimama pande zote mbili kwa moyo mmoja.

Nianze na wanaotaka plastiki iondoke, kwa sababu hoja yao kwetu visiwani haina mzaha. Unguja nzima ina kilomita za mraba zisizofika 1,700. Tunachokitupa kinakwenda jaa la Kibele kikibahatika kuzolewa, na kisipozolewa mvua ya masika inakisukuma mitaroni hadi baharini. Wanawake wa Paje na Jambiani huingia baharini maji yakitoka, wakainama saa nzima nzima kufunga na kuvuna mwani. Mimi nanunua mwani huo, nautia kwenye sabuni, kisha nikiifunga sabuni kwa plastiki nimeirudishia bahari ile ile taka iliyotoka mkononi mwangu. Jambo hilo hunikosesha raha kila ninapolifikiria, na sitaki lizoeleke.

Sheria nayo imekuwa ikielekea huko. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, kabla ya Kenya iliyofanya hivyo Agosti 2017, na kabla ya Tanzania Bara iliyofuata Juni 1, 2019. Kule Bara, anayekutwa na mfuko uliokatazwa anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Marufuku hayo ya Bara yaliilenga mifuko ya kubebea, na vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa na bidhaa za viwandani viliachwa. Lakini wafanyabiashara walipoanza kuvigeuza vifungashio hivyo kuwa mifuko ya kubebea, Serikali ilikaza tena Aprili 2021. Mjasiriamali mwenye akili hangoji mpaka mlango ufungwe ndipo atafute pa kupitia.

Upande wa pili nimeujua kwa hasara. Mwaka mmoja, masika yakikaribia, niliamua kuhamisha viungo vyote kwenye vifuko vya karatasi ya kaki. Vilikuwa vizuri kutazama, nikavipiga muhuri kwa mkono, nikavipeleka. Hazikupita wiki tatu, duka moja likaniita nichukue mzigo wangu: manjano imeshikana madonge, na pilipili manga ya unga hainuki tena. Nilimwaga karibu kila kitu.

Sababu yake haina fumbo. Harufu ya karafuu ni mafuta, na mafuta hayo hupaa hewani. Karatasi tupu haiyazuii kutoka, wala haiuzuii unyevu kuingia. Kiungo kikiwa kizima huyashika mafuta yake muda mrefu, lakini kikishasagwa kila chembe imeachwa wazi kwa hewa. Sasa hesabu jasho lililomo katika unga ule: mtu amepanda juu ya mkarafuu, amechuma, amechambua vikonyo, ameanika juani siku kadhaa huku akiikimbilia mikeka kila wingu likitanda. Kuutupa unga huo ili kuepuka kifuko cha gramu moja au mbili ni uharibifu pia, na wenye kutetea mazingira ni nadra kuuhesabu.

Kisha kuna bei. Chukulia sabuni inayouzwa shilingi 4,000. Ukiitia katika sanduku la karatasi la shilingi 800, moja ya tano ya bei imekwenda kabla hujanunua mafuta ya nazi. Wenye viwanda vya kuchapisha hawapendi kuchapisha vichache, wanataka maelfu, nawe una mtaji wa vipande 200. Tunaambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini juu ya rafu ya duka, mahali ambapo mnunuzi hawezi kunusa wala kugusa, kifungashio ndicho kinachosema kwa niaba ya chema. Kumwambia mama mwenye mtaji mdogo abadilishe kila kitu kesho ni kumwambia aondoke kwenye rafu hiyo.

Wanaotetea plastiki hupenda pia kutaja utafiti wa wakala wa mazingira wa Denmark wa mwaka 2018. Utafiti ule ulionesha kwamba mfuko wa pamba ya kilimo hai unatakiwa kutumika mara 149 ili madhara yake kwa tabianchi yalingane na ya mfuko wa kawaida wa plastiki. Ukipimwa kwa vigezo vyote, pamoja na matumizi ya maji na uharibifu wa tabaka la ozoni, inafika mara 20,000. Takwimu hizo ni za kweli na zinapaswa kumshtua kila anayeshona vifuko vya pamba mpya akidhani ameiokoa dunia. Lakini Denmark taka huchomwa katika mitambo inayozalisha umeme na joto, na utafiti haukuhesabu mfuko unaozagaa. Huku kwetu kuzagaa ndilo tatizo lenyewe. Kipimo kilichowaacha nje kasa na mitaro hakiwezi kuikata kesi ya kisiwa. Ninachokichukua humo ni kimoja: nguo mpya kwa ajili ya kufungia sabuni, hapana; vipande vya khanga na vitenge vinavyobaki kwa mafundi cherehani, ndiyo, kwa sababu pamba yake imekwisha kulimwa na kulipiwa.

Kinachonitia wasiwasi kuliko nailoni yenyewe ni vifungashio vinavyojifanya siyo plastiki. Mfuko ule wa kaki unaosimama wenyewe, wenye zipu na kidirisha, siku hizi ndio kila mtu anautaka kwa kahawa, lishe na viungo. Kwa nje ni karatasi. Kwa ndani umegandishwa utando wa plastiki, na mara nyingine karatasi ya alumini katikati. Unalinda bidhaa vizuri sana, hilo silikatai. Ila ukishatumika hauozi kama karatasi, na hakuna atakayeuokota, maana tabaka zake hazitenganishiki kwa zana tulizonazo. Chupa tupu ya maji ina mnunuzi. Watu wanaziokota magunia kwa magunia wakauza kwa kilo. Mfuko wa kaki wenye tabaka tatu hauna mnunuzi. Kwa hiyo ile chupa inayoonekana chafu machoni inaweza kuwa na mwisho mwema kuliko mfuko unaopendeza kwenye picha.

Ndivyo ilivyo pia kwa ile mifuko mbadala iliyokuja Bara baada ya 2019, inayofanana na kitambaa. Ni polipropilini, yaani plastiki, ila imetengenezwa ikae zaidi na itumike tena. Ikitumika tena na tena, sawa. Ikitumika mara moja tumeongeza plastiki nene mahali pa nyembamba. Na ile plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi, inayoandikwa kwamba inaoza, inahitaji joto la nyuzi kama 60 katika mitambo maalumu kwa wiki kadhaa. Ikitupwa Kibele au Pugu Kinyamwezi kule Dar es Salaam, hakuna anayeipa joto hilo, na baharini itakaa kama nyingine.

Basi mimi nimeacha kuuliza kama kifungashio ni cha asili au siyo. Nauliza mawili: bidhaa hii inaogopa nini, na kifungashio hiki kitakuwa wapi siku moja baada ya mteja kukifungua?

Sabuni ya kipande inaogopa kuzibiwa pumzi. Ile inayotengenezwa bila kupikwa hukaa wiki nne hadi sita ikikauka, na hata baada ya hapo gliserini iliyomo huvuta unyevu. Ukiibana ndani ya plastiki kwenye hali ya hewa yetu inatoa jasho. Hapa mvutano wote unaisha, maana karatasi ni rahisi zaidi na ni bora zaidi kwa sabuni yenyewe: mkanda mwembamba wa kaki, muhuri wa mpira, basi. Nasikitika kuona wenzetu wakiizungushia sabuni nailoni ili ionekane ya kiwandani, kisha wakalaumu fomula yao ikitoa madoa.

Mafuta ya nazi ni kinyume chake. Huyeyuka kwenye nyuzi kama 24, maana yake kwetu ni kimiminika karibu mwaka mzima, na yale makopo ya karatasi yanayosifiwa nchi za baridi hapa yanalowa. Yanataka chupa. Kioo ni kizuri, hakichukui harufu, lakini mtungi wa nusu kilo ya asali peke yake una uzito wa gramu 200 hivi. Ukiusafirisha kwa boti hadi Dar na kisha kwa basi hadi Mbeya, unalazimika kuuviringishia ile plastiki ya malengelenge, na tumerudi tulikotoka. Nimejaribu usumba wa makumbi ya nazi badala yake, umenifaa. Lakini kwa mzigo wa mbali, chupa ya plastiki inayookoteka naiona chaguo la heshima, na simwonei aibu anayeitumia.

Kwa wateja wa karibu hali ni nyingine, na hapa ndipo naona utajiri tunaoupuuza. Sisi tumekulia katika kupimiwa: mafuta ya taa, mafuta ya kula, unaleta chupa yako. Soda za kioo bado zinarudi kreti kwa kreti. Sabuni ya maji inauzwa mitaani katika chupa zilizokwisha kunywewa maji, jambo jema kwa taka lakini la hatari nyumbani kwenye watoto, kwa sababu haina lebo na mtoto huiona ni kinywaji. Lebo kubwa isiyobanduka ingetatua sehemu kubwa ya tatizo hilo. Mtungi wa asali unaorudi, nao, lazima uoshwe kwa maji ya moto na ukauke kabisa. Maji yanayobaki ndani yanaweza kuichachusha asali. Wateja wangu wanaorudisha chupa nawapunguzia bei, na wengi ni majirani.

Vipi basi kile kijamanda? Viungo vizima, mdalasini wa vijiti, iliki na maganda yake, karafuu nzima, vingeweza kukaa katika ukili vikiwa na karatasi tu ndani, ikiwa vitauzwa mapema. Msukaji angelipwa kwa kazi inayofanya kazi, siyo kwa pambo la kufichia nailoni. Unga sijaupatia njia. Bado nautia katika kifuko cha plastiki ya aina moja, kisicho na alumini wala kaki ya kuficha, nimepunguza ujazo hadi kile mtu anachoweza kumaliza mwezi mmoja, na juu ya lebo nimeandika wazi kwamba hiki ni plastiki, kirudishe.

Mpaka sasa vinavyorudi ni vichache. Naviweka kwenye ndoo chini ya meza.