Sikio la kulia

Kati ya sekondari yetu na shule ya msingi jirani kuna ukuta wa matofali unaoishia kifuani. Watoto wanauruka kufuata mpira, na walimu tunasalimiana hapo kila asubuhi. Lakini mwaka huu nimemwadhibu mtoto miezi mitatu kwa kosa lisilo lake, kwa sababu habari moja haikuvuka ukuta huo.

Kwa kuwa ni mrefu, nilimkalisha nyuma. Nikimwuliza swali ananitazama mdomoni, anachelewa kujibu, wenzake wanacheka. Daftarini mwangu niliandika "hasikilizi", nikawa namsimamisha kipindi kizima. Mwezi wa nne mwalimu aliyemfundisha darasa la saba alikuja kwetu kuazima chaki, akamwona dirishani. "Huyu mmemweka nyuma? Sikio la kulia halisikii. Kwetu alikaa dawati la mbele tangu la nne."

Nilimhamisha saa ileile, na kesho yake nikamwomba radhi mbele ya darasa. Miezi mitatu yake siwezi kumrudishia.

Ndiyo maana vikao vya Desemba vinaniuma. Walimu wakuu wa msingi wanakaa peke yao, wakuu wa shule za sekondari peke yao. Hata halmashauri, Afisa Elimu Msingi ana ofisi yake na wa Sekondari ana yake. Huku wanapanga bajeti, madawati, chakula na mikakati ya ufaulu, kule vilevile. Yote ni ya lazima. Ila mtoto anayehama kutoka huku kwenda kule hana ajenda popote. Kinachomfuata ni jina na alama za mtihani.

Ninachoomba ni siku moja. Uchaguzi wa kidato cha kwanza ukishatangazwa, walimu wakuu wa shule zinazotuletea watoto waje na walimu wao wa darasa la saba, wakae na mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma na sisi tutakaowapokea watoto. Tupitie majina moja moja. Nani haoni ubao, nani analea wadogo zake, nani amefika la saba bado anasoma kwa kuunga silabi. Nani hesabu zinamkaa kichwani ila ni mwoga wa kunyoosha mkono. Mwalimu wa la saba anayo yote haya bila kufungua faili. Na tuzungumze lugha: mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anaweza kukueleza usanisinuru hatua kwa hatua, Januari anaulizwa kwa Kiingereza anabaki kimya, nasi tunahesabu kwamba hajui. Aliyemfundisha angetuambia anajua nini, tukaanzia hapo.

Nitaambiwa habari za nauli na posho. Kwa kata ambazo shule zimeachana kilomita nyingi, nakubali, ni gharama, na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haiwezi kubeba kila kitu. Lakini shule nyingi za kata zinatazamana, na Afisa Elimu Kata anazifahamu zote. Wito wake mmoja unatosha.

Na muda unatubana. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi sasa ni miaka sita. Waliokuwa la tatu mwaka ule watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa la nne wanamaliza la saba. Januari 2028 mikondo hiyo miwili itaingia kidato cha kwanza pamoja. Tunasikia sana habari za madarasa yatakayojengwa, na yajengwe. Lakini kama leo, kwa idadi hii, nimeshindwa kujua kwamba mtoto mmoja hasikii, siku hiyo nitawajua wangapi?

Mkuu wangu amenikubalia tuanze sisi wenyewe. Barua nimeipeleka kwa mkono wangu Jumatatu. Mwalimu mkuu jirani aliisoma akiwa amesimama, akagonga mhuri wa kupokelewa, akaniuliza aje na nani. Nikamwambia aanze na yule mwalimu wa chaki. Ajenda ni moja tu: majina.